Mtungi Mkubwa, Kasha Dogo

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Tumefika kambini, rasi ya Yorke. Nafasi ya mbele kabisa! Ukishuka kwenye gari letu la kulala, mguu uko mchangani. Mke wangu Noelene aliililia nafasi hii tangu mwaka juzi. Jumapili anatimiza miaka sitini, na binti yetu Tegan anakuja na wanawe kutoka Adelaide. Mke wangu ameniomba jambo moja tu: Merv, usiharibu. Mimi? Niharibu nini?

Jirani yetu ni Graeme Pascoe, fundi mstaafu. Ana mitungi miwili ya gesi, imesimama wima kwenye kasha lake, imefungwa mikanda, inang'aa. Akaniuliza kwa upole kama kale kamtungi kangu katatufikisha Jumapili. Kamtungi! Nikacheka. Moyoni naungua.

Ijumaa, tarehe 12

Nimenunua mtungi mkubwa kituo cha mafuta. Nimeubeba polepole mbele ya Graeme, makusudi, ingawa mgongo ulikuwa unalia.

Tatizo dogo. Hauingii kwenye kasha la gesi ubavuni mwa gari. Nimesukuma. Nimezungusha. Nimetukana. Wapi!

Ikabidi nitumie akili. Mtungi mkubwa nimeuficha kabatini, chini ya magauni ya Noelene. Kule kwenye kasha, kamtungi nimekalaza ubavu ili bia na barafu zipate nafasi. Kasha lenyewe lina matundu sakafuni, sijui ya kazi gani, ubaridi wote unakimbilia humo. Nimeyaziba kwa selotepu. Graeme hawezi kuwaza hivi hata akipewa wiki nzima.

Jumamosi, tarehe 13

Siku mbaya.

Noelene alitoa gauni lake la kesho, akalinusa, akaninusa na mimi. Koki ya mtungi sikuikaza vizuri. Nikamwambia ni harufu ya mwani. Akafungua milango na madirisha yote, akakataza hata chai. Akanikumbusha kwamba gesi ni nzito, inashuka na kutulia sakafuni, na kwamba amepanga kufikisha sitini akiwa hai. Akasema mtungi utoke, la sivyo atoke yeye.

Nikautoa. Nikaufunika kitambaa cha maua. Stuli nzuri tu!

Mara Bev huyo, mwenye kambi, anapita kukagua gesi. Bev hana mchezo. Pasaka alifukuza familia nzima. Akakaribishwa chai kwa akina Pascoe, akaja nayo kwetu pamoja na Graeme, akatafuta pa kukaa. Akaikalia stuli! Akazungumzia mvua, akazungumzia magoti yake. Mimi jasho linanitiririka. Graeme akainama, akainua pindo la kitambaa, akauliza kama Bev anajua amekalia nini.

Bev alicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe nje ndiko kunakotakiwa! Kinachokatazwa ni gesi kukaa ndani, wanakolala watu. Akaniambia niufunge kamba tu usianguke.

Jamani, raha niliyoisikia! Kwa furaha nikataka kumpa bia. Nikafungua kasha mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, mbele yake.

Kicheko kikakatika. Bev akaangalia kamtungi kalikolala, akaangalia selotepu. Akaniambia matundu yale yamewekwa ili gesi ikivuja idondoke nje, na mtungi ukilazwa gesi hutoka ikiwa majimaji, moto unaruka. Akasema nimetengeneza bomu, halafu nimelipoza. Tuondoke kesho alfajiri.

Noelene hakugomba. Alikaa kwenye ngazi ya gari akalia kimya kimya. Nilijisikia vibaya sana. Afadhali angenitukana.

Graeme akamfuata Bev. Akarudi na jibu: tubaki, lakini mitungi yote ikae kwa Graeme, na mimi nisiguse koki yoyote humu kambini. Bev ameongeza kuwa hata kiberiti nimwombe mke wangu.

Jumapili, tarehe 14

Sikukuu. Graeme amechoma soseji na samaki kwa gesi yangu, amevaa aproni yangu! Wajukuu wanamwita babu Graeme. Nimekatakata vitunguu. Ndiyo kazi niliyopewa.

Lakini Noelene! Amecheza peku mchangani, amecheka mpaka machozi. Baada ya keki akanishika mkono. Akaniambia jana hakulia kwa sababu ya kufukuzwa. Alilia kwa sababu angeweza kuamka akanikuta nimekufa, na hajui kuishi bila huyu mpumbavu wake. Nikamwahidi: sirudii tena. Nilimaanisha kabisa.

Jumatatu, tarehe 15

Tunaondoka. Graeme amesimamisha kamtungi kwenye kasha, amekafunga mkanda, matundu yako wazi. Bia zimekosa makao. Mtungi mkubwa Noelene ameagiza urudishwe kituo cha mafuta, kisha akaenda kuagana na akina Pascoe.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu. Urudishwe kwa nini, mtungi bado una gesi tele? Bev mwenyewe alisema: usikae wanakolala watu. Nyuma ya kiti cha dereva pana nafasi. Nimepima. Ukilala ubavu unaingia bila shida. Na dereva ni mimi, silali.