Mbuzi wa Miaka Elfu Tatu Nyuma ya Zizi Langu

Jumatatu, 9 Juni

Habari imekuja na lori la unga. Vijana watano wanafika Jumatano kutoka Dushanbe, wanafunzi, wanatembea bonde zima la Wakhan kwa miguu kutazama ngome na mambo ya kale. Wanatafuta kijana wa huku wa kuwaongoza mpaka Oktoba. Mmoja tu.

Nimemtazama mwanangu Alimsho akila. Miaka kumi na tisa, mabega ya baba yake, akili yangu. Tikiti ya Moscow anayo, ya tarehe ishirini. Baba yake alikwenda huko kutafuta kazi ya msimu mmoja. Huu ni mwaka wa sita, na mume wangu sasa ni sauti ya simu ya Ijumaa. Sitoi mtu wa pili. Alimsho ndiye atakayewaongoza. Nimeshaamua, wao tu hawajajua.

Kikwazo ni wifi yangu Savsan, jirani. Juu ya shamba lake kuna jiwe jeusi lenye mbuzi-mwitu kumi na mmoja waliochongwa na watu wa kale. Kila mgeni hupelekwa pale, na anayempeleka ni mwanawe Qadam, aliyerudia darasa la sita. Nimekaa nikijiuliza, Savsan aliwafanyia nini watu wa kale, mpaka mimi wakaniruka?

Jumanne, 10 Juni

Sasa hawajaniruka.

Nimemtuma Alimsho akazibue mfereji wa juu. Nikachukua patasi ya mume wangu, nikaenda nyuma ya zizi kwenye lile jiwe kubwa la ukuta wetu. Nimechonga mpaka adhuhuri. Mbuzi mmoja, pembe zimepinda mpaka mgongoni, masikio, ndevu, kila kitu. Wa Savsan wanafanana na vitana. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, na kwenye kuchora nilikuwa wa kwanza, mwalimu alisema mbele ya wote.

Tatizo likawa weupe. Mchongo mpya unang'aa kama jino. Nimekoroga masizi na shirchoy iliyobaki, chai yetu ya maziwa, siagi na chumvi, nikapaka. Mbuzi akazeeka kama babu.

Nikamwambia Alimsho nimegundua mchoro wa kale nikiwa nang'oa magugu. Akautazama. Akauliza mbona mikono yangu ina malengelenge. Nikamwambia magugu yalikuwa sugu.

Jumatano, 11 Juni

Nimekuta mbuzi wangu wote saba wamepanga foleni mbele ya jiwe. Wanalamba. Chumvi! Sikuwaza chumvi. Masizi yote yamekwenda tumboni.

Savsan akapita na ndoo, akauliza wanafanya nini. Nikasema wanamsalimia babu yao. Akasema ama kweli wifi, mbuzi wako wana adabu, wamekupita wewe.

Nimepaka upya. Masizi na mafuta ya taa. Hakuna aliyelamba.

Wageni wamefika alasiri. Nimewawahi darajani, Savsan hajafunga hata kitambaa kichwani. Nikawaingiza ndani, mkate, chai, na tuti, matunda yetu yaliyokaushwa. Mkubwa wao ni msichana wa miwani, Manizha, mwembamba kama ufito. Namwonea huruma mama yake. Nikawaeleza kwamba Alimsho anajua kila ngome ya bonde hili, na kwamba kwa bahati, jana tu, nyuma ya zizi letu, kumepatikana kitu. Alimsho akatoka kwenda kupasua kuni. Amepasua za miezi miwili.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya aibu, lakini naandika.

Nusu ya kijiji walikuwa nyuma ya zizi. Manizha akapiga magoti, akatoa kioo cha kukuzia. Nikasema miaka elfu tatu, kwa uchache. Akanusa jiwe. Nikasema watu wa kale walipikia hapa.

Ndipo Savsan akainama. Akatazama. Akaanza kutikisika mabega, taratibu, kama birika linalokaribia kuchemka. Akaniuliza, wifi, mbuzi huyu sikio la kushoto limepasuliwa mara mbili na la kulia limekatwa ncha. Ni wa nani huyu?

Kila nyumba hapa hukata masikio ya mbuzi wake kwa alama yake, wasichanganyike malishoni. Kushoto mara mbili, kulia ncha, ni alama yetu. Nimekata masikio hayo miaka ishirini. Mkono ulikata wenyewe, na mimi sikuuona.

Savsan akasema basi watu wa kale walikuibia, kawashitaki. Watu wakakaa chini kwa kicheko.

Nikafungua mdomo niseme kwamba alama yetu nayo ni ya kale. Alimsho akaniwahi. Akamwambia Manizha kuwa mchoro ni wa mama, kuwa alijua tangu Jumanne, na anaomba radhi kwa kunyamaza. Kisha mwanangu, niliyembeba miezi tisa, akasema, tena Savsan akisikia, kwamba wakitaka michoro ya kweli waende na Qadam.

Wakaenda na Qadam.

Sijapika. Tarehe ishirini ni wiki ijayo.

Jumapili, 15 Juni

Mpaka sasa mshtuko haujanitoka.

Manizha amerudi jana. Kumbe walimuuliza Qadam michoro ile ina miaka mingapi, naye akawajibu, mnataka mingapi? Manizha akasema anataka kijana asiyeficha hata la mama yake. Amemchukua Alimsho mpaka Oktoba. Tikiti inarudishwa. Nimelilia kwenye unga wa mkate, ukatoka na chumvi ya kutosha.

Nikamweleza Savsan kwamba yote nilipanga. Bila mbuzi wangu, wangejuaje kuwa mtoto ni mkweli? Ameondoka ameshika mbavu. Wivu huo.

Leo Alimsho amenikalisha, akaniapisha juu ya mkate kwamba sitagusa tena jiwe lolote, kubwa wala dogo. Nimeapa, na mkate nimeubusu. Mimi nikiapa nimeapa.

Manizha anasema Julai linakuja kundi jingine, wao wanatafuta makaburi ya kale. Nimekwenda na jembe kutazama kile kituta nyuma ya viazi. Malkia mmoja angelala pale vizuri, hata miguu akanyoosha.

Niliapa kuhusu mawe. Udongo hatukuuzungumza.