Jinsi Mkono wa Mwihaki Ulivyoingia Ndooni

Je, wewe unayesoma, umewahi kuona mwanamke wa miaka sabini na miwili akitembea hatua tisa, na ukumbi mzima umebana pumzi? Kama hujaona, sogea karibu, weka kikombe chini, umwambie huyo anayepiga kelele nje anyamaze, kwa maana nakuletea habari kuu ya vita vilivyopiganwa Eldoret, mtaa wa West Indies, siku ya Jumamosi, alasiri, kati ya chai ya saa kumi na mvua ya saa kumi na moja. Mashujaa wa kale walivuka mito na kubeba mikuki, sikatai. Lakini wao walikuwa na magoti mazuri.

Ikawa katika mwezi wa nane, mvua ikiwa imekaa kwetu kama mgeni asiyejua kuaga, palikuwa na kikundi cha akina mama kiitwacho Kivuli Kimoja. Tulikuwa wanawake thelathini na mmoja na mwanaume mmoja, Mzee Githinji, karani mstaafu, ambaye tulimwingiza kwa sababu ya mwandiko wake. Na kikundi hicho kilikuwa na kiu moja tu, nayo ni hema. Kila tulipofiwa na kila tulipoozesha watoto, tulikodisha hema la watu, na hema hilo lilikuwa na matundu, na mvua ikapita humo ikamnyeshea mhubiri na marehemu bila ubaguzi.

Basi akainuka Selpha, katibu wetu, Selpha wa mkoba wa zipu tatu, mwenye ulimi unaoweza kumuuzia samaki maji, akasema tufanye bahati nasibu, tiketi ziuzwe mtaani kote hadi Kesses kwa wanafunzi wa chuo, na hema lipatikane kabla ya Desemba.

Hapo ndipo mimi, Mwihaki, mjane wa Gathogo, mama ya Kim na nyanya ya wajukuu saba, nikasimama juu ya miguu yangu yote miwili. Nilisema kwa kirefu. Nilisema kamari imekula ng'ombe za watu, imekula karo, imewafanya vijana wakeshe wakiangalia mpira wa nchi ambazo hawajui hata zinalima nini. Nikaapa mbele ya kikundi kwamba mkono wangu huu hautashika karatasi ya bahati hata nikiahidiwa shamba. Wakanipigia makofi. Nikaketi, nimejaa utukufu kama sufuria ya maziwa inayotaka kumwagika.

Kisha Selpha akafungua zipu ya pili akasoma zawadi. Ya kwanza, kondoo dume. Ya pili, wilbaro mpya. Ya tatu, chupa ya chai ya lita tatu, ile ya kubonyeza kichwa.

Utukufu wangu ukapoa palepale.

Ngoja nikueleze hiyo chupa, kwa maana bila kuijua hutavijua vita vyenyewe. Ilikuwa kwenye rafu ya duka la Hodan, mwanachama mwenzetu anayeuza vyombo karibu na stendi ya Kapsabet. Ilikuwa na rangi ya maziwa, na ua moja jekundu ubavuni, na mpini wa kuning'inia, na kichwa cheusi kipana ambacho ukikibonyeza kwa kiganja, chai inatoka yenyewe kwa mdomo mdogo, bila kuinamisha, bila kufungua. Miezi mitano nilikuwa nikipita pale kununua kiberiti. Mtu wa makaa hanunui viberiti vinane kwa mwezi. Nilikuwa napita kukibonyeza hicho kichwa, na Hodan akanijia siku moja kwa adabu akaniomba nisiibonyeze sana, wateja wataona imetumika.

Maana vidole vyangu, msomaji, vimekauka kama matawi ya mwaka jana. Chupa yangu ya zamani ni ya kuzungusha kifuniko. Asubuhi mjukuu akiwa bado hajaenda shule ananifungulia, na akishakwenda, mimi na chupa tunakaa tukitazamana mpaka arudi saa nane, chai imejaa ndani na mimi nina kiu nje. Na kuomba sijui. Kim aliniuliza mwaka juzi aniletee nini akija Krismasi, nikamjibu si lazima, mwanangu. Akaniletea saa ya ukutani. Ni ya tatu.

Basi turudi kwenye mambo ya serikali. Wengine walisema bahati nasibu ya akina mama haihitaji ruhusa, ni kama harambee tu. Selpha akakataa. Alisema iko bodi ya serikali inayosimamia kamari na bahati nasibu zote, kubwa na ndogo, na asiyepata kibali chake anacheza na moto. Akaenda ofisini. Akarudishwa kwa kukosa barua ya chifu. Akaenda tena. Akarudishwa kwa sababu orodha ya zawadi ilisema kondoo bila kusema kondoo gani. Akaenda mara ya tatu, na mara ya tatu akarudi na kibali, tukakipokezana mkono kwa mkono kama mtoto mchanga, kila mmoja akisifu muhuri wake. Tulisoma muhuri, tukasoma sahihi, tukasoma tarehe. Nyuma yake hatukugeuza.

Na siku ya Alhamisi, nyuma ya kibanda cha viazi, nilimvizia Mzee Githinji aliyekuwa anauza tiketi. Nilimwambia ninataka moja, naye akaangalia kushoto na kulia kama mimi ndiye muuzaji wa pombe haramu ya chang'aa na yeye mnunuzi. Sheria ilisema jina na namba ya simu viandikwe kwenye kipande kinachobaki kitabuni, na kipande kingine chenye namba kitiwe ndooni. Laini yangu ya simu ingali ina jina la marehemu. Miaka tisa yuko chini ya udongo na bado kampuni inamtumia salamu za mwaka mpya. Nikasema andika Gathogo. Githinji, aliyebeba jeneza la Gathogo upande wa kushoto, akaandika bila kupepesa. Tiketi namba mia moja na kumi na nne. Nikaikunja, nikaifunga kwa ncha ya leso, nikaenda ibada ya jioni nikaimba sauti ya kwanza.

Ikafika Jumamosi. Tulikusanyika katika ukumbi mdogo wa shule ya chekechea, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yakiwa masikioni. Kondoo amefungwa mlangoni anatafuna ukambaa wake. Ndoo ya buluu ya lita ishirini imesimama juu ya meza. Na hapo akaingia ofisa wa bodi, Jebet binti wa sheria, Jebet wa faili ya kijani, msichana mwembamba wa umri wa wajukuu zangu, ambaye hakuketi alipopewa kiti wala hakunywa soda alipopewa soda.

Nimeona askari wakikagua gwaride, lakini sijaona mtu akikagua ndoo namna ile. Aliipindua, akaigonga kitako, akamulika ndani kwa simu. Alilinganisha kila kipande cha kutia ndooni na kitabu, kimoja baada ya kingine, saa nzima, na aliyekohoa aliona aibu. Akatoka akamzungusha kondoo kutafuta doa la sikio lililoandikwa kwenye orodha, kondoo akalia, doa likapatikana. Akasukuma wilbaro hatua tatu mbele na tatu nyuma. Kisha akaweka kiganja juu ya chupa ya chai akaibonyeza, nami nikaumia moyoni kama mama anayeona mgeni akimfinya mtoto wake shavu.

Hatimaye akageuza kibali upande ule ambao hakuna aliyeusoma, akasoma kwa sauti. Mkono utakaotoa tiketi ndooni uwe wa mtu mzima wa hapo mkutanoni, asiye na tiketi yoyote katika droo hiyo. Na droo imalizike kabla ya saa kumi na moja, kibali kisije kikaisha nguvu. Saa ilikuwa kumi na dakika ishirini.

Ukumbi haukufikiri hata kidogo. Vinywa thelathini vikatamka jina moja, na jina hilo, ole wangu, lilikuwa langu. Nani mwingine aliyeapa mbele ya watu? Kulikuwa na Hodan pia, lakini Hodan alishatoa mchango wake wa hema mkononi tangu siku ya kwanza, akasema bahati nasibu haigusi. Nilimgeukia yeye kwa macho ya kuomba wokovu.

"Mama Kim, ni wewe tu," akaniambia. "Mimi kwa dini yangu hata kifuniko cha hiyo ndoo sishiki. Lete mkoba nikushikie."

Nikampa mkoba. Nikainuka. Kutoka kiti changu hadi mezani ni hatua tisa, na katika hatua hizo tisa majeshi mawili yalikutana kifuani mwangu. Jeshi la kwanza lilisema: nyamaza, Mwihaki, jina ni la Gathogo, Githinji ni kaburi, tumbukiza mkono na uache Mungu achague. Jeshi la pili halikusema neno, lilinionyesha tu nyuso za wajukuu zangu, ambao niliwanyang'anya simu mwaka jana kwa sababu ya kubashiri mpira. Hatua ya tano goti lilitoa sauti. Hatua ya saba nilifikiria kuzimia, lakini sakafu ilikuwa chafu. Hatua ya tisa nikafika.

Jebet akafungua faili, akaniita kama wajukuu zangu waniitavyo. "Shosho, kabla hujashika ndoo. Je, una tiketi katika droo hii, kwa jina lako au kwa jina la mwingine?"

Kwa jina la mwingine. Wasomi hawa. Wanaandika swali mapema, wanaliweka njiani kama mtego wa fuko, wanangoja mwanamke mzee apite.

"Wanawake wa Kivuli Kimoja," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayehutubia taifa, kwa sababu ndogo ilikataa kutoka, "nilisimama mbele yenu nikaapa, na kiapo changu kilikuwa kirefu. Leo nasimama tena na neno fupi. Ninayo. Moja. Iko hapa kwa leso."

Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka kwa pua, na baada yake ukumbi wote ukapasuka. Selpha aliegemea ukuta akifuta machozi. Mwingine akauliza kama hotuba ya siku ile ilikuwa ya kuwazuia wengine wasinunue ili mimi nishinde peke yangu. Mzee Githinji alitazama dari, akazihesabu mbao zake zote.

Jebet hakucheka. Alieleza kwamba hakuna kosa kununua tiketi, kosa lingekuwa kuficha. Lakini sasa hakuna mkono. Iko njia moja: mtu yeyote akikubali tiketi yake ifutwe mbele ya watu, itolewe ndooni na kitabuni, mkono wake utakuwa huru. Si lazima niwe mimi. Akauliza nani yuko tayari.

Hapo ungeona ajabu. Waliokuwa wanacheka wakashika tiketi zao kama watu wanaoshika kofia kwenye upepo. Kila mmoja alikuwa tayari amekwisha kumchinja yule kondoo kichwani mwake, na wengine walikuwa wameshagawa nyama. Dakika tano zikapita. Bila droo pesa zote za tiketi zingerudi kwa wenyewe hadi Kesses, Selpha angerudi kwa chifu, na hema lingebaki hadithi. Nikaitazama chupa ile pale mezani, ua lake jekundu, kichwa chake kipana. Ilikuwa karibu nami kuliko ilivyowahi kuwa dukani.

Nikafungua ncha ya leso. Nilijaribu kuichana tiketi, vidole vikakataa. Nikajaribu tena. Ndipo shujaa wenu akaitia mdomoni akaikata kwa meno, meno yaliyobaki, mbele ya ofisa wa serikali.

Jebet akaitafuta namba mia moja na kumi na nne ndooni, akaitoa, akapiga mstari juu ya jina kitabuni. Gathogo akafa mara ya pili, maskini, na mara hii sikulia.

Kisha nikakunja mkono wa sweta, nikauzamisha. Zawadi ndogo ilianza. Vidole vyangu, ambavyo haviwezi kushika kifuniko, vilishika karatasi moja vikaileta juu, na Jebet akatazama namba kitabuni akasoma: Githinji. Mzee Githinji, ambaye kwa sababu ya vidonda vya tumbo hajanywa chai tangu astaafu, akaenda akaikumbatia ile chupa kwa mikono miwili asijue la kufanya nayo. Wilbaro ikaenda kwa Selpha. Kondoo akaenda kwa mwanafunzi wa Kesses ambaye alipopigiwa simu alidhani ni matapeli, akakata mara mbili. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na tano. Hema lilikuwa letu.

Watu wakaanza kubeba viti. Jebet akaniita mezani kwa karatasi ya mwisho, ya tiketi iliyofutwa, na chini yake palikuwa na mstari mtupu wa maelezo ya mwenyewe: alinunua kwa nia gani. Nikasema, kama nilivyozoea, kwamba ilikuwa tu kusaidia kikundi. Kalamu yake haikusonga.

"Shosho," akasema polepole, "hii nitaitia sahihi mimi. Niambie ukweli niandike."

Basi na iandikwe pia katika vitabu vikubwa, wapiga tarumbeta wa kaunti yetu ya Uasin Gishu na wapige, watoto wafundishwe tarehe hii pamoja na tarehe za vita na za uhuru, kwamba siku hiyo, mvua ikianza kudondoka juu ya mabati, Githinji amesimama nyuma yangu na chupa kifuani, Mwihaki mjane wa Gathogo, ambaye hakuomba kitu kwa mtu tangu aolewe, alifungua kinywa chake mbele ya serikali na mbele ya majirani, akasema:

"Nilitaka hiyo chupa ya chai. Na hata sasa naitaka."