Meza Isiyotikisika

Jumatatu, 3 Machi

Swali lililonisumbua tangu nilipoanza kutamani harufu ya maranda ya mbao ni hili: ili kuunda meza ya kazi iliyo imara, fundi anahitaji meza ya kazi iliyo imara. Basi ya kwanza iliundwa juu ya nini? Nimelitafakari kwa miaka. Leo nimeamua kulijibu kwa mikono.

Gereji ni yangu! Kwa usahihi zaidi, yangu hadi Jumamosi. Asubuhi mume wangu aliuinua mlango wa gereji, ule wa ubao mmoja mpana unaopanda kama kifuniko cha sanduku, akatoa gari, akaushusha. Sharti lake: Jumamosi mama yake akija kula chakula cha mchana, aweke sufuria ya supu juu ya meza niliyoiunda mwenyewe, na supu isicheze. Ikicheza, gereji apewe wifi yangu, anayetafuta mahali pa kuhifadhi viti vyake vya kukodisha. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Baadaye nikajiuliza iwapo haraka ile ilikuwa ujasiri au upungufu wa ushahidi.

Jumanne, 4 Machi

Msumeno! Randa! Patasi zenye makali ya kunyolea ndevu! Nimezipanga sakafuni na kuzitazama kama bibi harusi anavyotazama vyombo vyake.

Wifi alipita na futi kamba. Hakuja kunisalimu, alikuja kupima. Alisema viti vyote vitaenea, ila hizi takataka zangu itabidi zihame. Akaongeza, kwa upole wenye sumu, kwamba ana wifi mwenye shahada mbili ukutani na hana hata kigoda. Nilimjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilipotafakari, niligundua methali ile ilinihusu mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mwenye kupigilia msumari ndiye mwenye ukuta: hiyo ndiyo nadharia yangu. Ni lazima vifaa vitundikwe kabla wifi hajarudi. Nimezichunguza pande zote nne kwa utaratibu. Kushoto, plasta inamomonyoka ukiikoholea. Kulia, bomba la maji. Nyuma, jokofu bovu na mlango mdogo wa jikoni. Uliobaki ni upande wa mbele: ubao mtupu, mpana, laini, unaopokea msumari bila ubishi. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuutumia! Nimetundika kila kitu na kuchora umbo la kila kifaa kwa penseli. Nilihisi kana kwamba nimesahau jambo. Lakini hisia hiyo huwa ninayo kila siku.

Alhamisi, 6 Machi

Meza imeungwa! Niliiungia sebuleni, juu ya meza yetu ya kulia. Je, hilo ni jibu la swali langu, au ni kulikwepa? Mume wangu alikula sahani ikiwa mapajani, akauliza kama na kitanda nitakihitaji. Nilimwambia bado.

Jioni niliihamishia gereji, nikaweka bilauri ya maji juu yake. Maji yakacheza ngoma.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi kilio. Nimekaza, nimetia gundi, nimebembeleza. Inayumba kama mlevi anayekana kwamba amelewa.

Mchana, ufunuo! Dhaifu akimwegemea imara, wote wawili husimama. Skrubu ndefu nne, meza ikakazwa kwenye ule ubao wa mbele. Bilauri tuli! Nilicheza peke yangu hadi nikagonga jokofu. Je, uimara huu ni wa meza au wa ubao? Suala zito. Nimeliahirisha hadi baada ya mama mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe aliingia kupitia jikoni na kutua sufuria. Supu haikutikisika! Akaipiga meza kofi, akasema mkwe wake ana mikono, na anayemcheka aje amcheke yeye kwanza. Akachukua upawa aonje.

Nje, gari la mizigo likanguruma. Wifi! Hakungoja hukumu, alikuja na viti vyote. Nilimsikia akimwambia kaka yake aache kuzubaa, washike mlango wauinue.

Hapo ndipo nilipokumbuka ule ubao wa mbele ni kitu gani.

Nilipiga kelele wasiinue. Wifi alijibu kwamba ukishindwa, shindwa kistaarabu, mama! Wakavuta kwa nguvu zote. Mlango ukapanda, na meza ikapanda nao. Supu ikatufuata, tukakimbilia jikoni, nyuma yetu patasi zikiporomoka moja baada ya nyingine. Kisha chuma kikalia kwaa! Mlango ukakwama, haupandi wala haushuki, na upenyo wote ukazibwa na miguu ya meza inayochungulia barabarani. Wifi alibaki ana kwa ana nayo.

Mama mkwe, upawa ungali mkononi, aliichungulia kutoka mlango wa jikoni. Akasema ameona meza nyingi zikisimama, lakini hajaona iliyoning'inizwa na isilegee hata kiungo. Kisha akapaza sauti ili binti yake asikie: aliyevunja mlango asitafute pa kuweka viti nyuma yake.

Gari haliingii! Viti haviingii! Gereji ni yangu!

Jumapili, 9 Machi

Kwa uaminifu, sijui nilishinda kwa sababu ya meza au kwa sababu ya mlango. Kulijibu swali hilo kungenilazimu kuzifungua skrubu, nami siko tayari kwa utafiti wa aina hiyo.

Jambo moja ni wazi: vifaa vinahitaji kabati. Kubwa, la kusimama, lililokazwa kwenye kitu imara. Nimezichunguza upya pande zote. Nyuma, ule mlango mdogo wa jikoni ni wa mbao ngumu, na fremu yake ni imara mno. Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kuutumia! Nimejifungia ndani nisisumbuliwe, na skrubu ndefu bado ninazo.