Mashine Yangu ya Kupima Koroboi

Jumatatu, 10 Juni 1974. Nchelenge.

Bahati imenikumbuka! Mama Emilienne, yule anayekodi lori la kupeleka samaki wakavu Kitwe, ametangaza leo pale ufukoni kwamba anatafuta mtu wa kupima koroboi. Wanawake wauza samaki anaosafiri nao hulala sokoni Kitwe katikati ya vikapu vyao, kwa hiyo kila mmoja husafiri na taa yake. Safari iliyopita koroboi moja ilivuja njiani na samaki wote wakanuka mafuta ya taa. Wateja walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa hataki koroboi yoyote ipande lori bila kupimwa. Atakayeonyesha Jumamosi kwamba anaweza, kazi ni yake. Kazi yenyewe ina kiti na ina kivuli.

Niliinua mkono kabla hajamaliza. Ilibidi. Ngalula, mke wangu, alinipa neno la mwisho jana baada ya misa. Nisipopata kazi ya kueleweka kufikia Jumamosi, kaka yake Mwenze atanichukua kwa mtumbwi hadi Puta, nikampasulie samaki. "Minachoka na maakili yako, Baba Camille," alisema. "Kule Puta iko samaki, iko kisu, iko kazi."

Mimi, nipasue samaki! Mimi niliyefanya kazi na kompyuta Lubumbashi!

(Nilifagia chumba chake. Lakini anayefagia huona.)

Na niliona hivi. Programu zilikuja zimetobolewa kwenye kadi, ndani ya maboksi, kutoka kwa watu wa mbali wasiofahamiana. Nyingi hazikuwa na mwenyewe. Huyu ananakili, yule anarekebisha, mwingine anaongeza chake, kisha wanapeana bure. Ndiyo maana ziliharibika ovyo. Basi mafundi walikuwa na kadi nyingine za kuzipima. Wanazitia kwenye mashine, mashine inapima yenyewe, wao wanakwenda kunywa kahawa. Wakirudi, karatasi inasema nani mzima na nani mgonjwa.

Na koroboi zetu je? Ni mambo yaleyale! Nani mwenye koroboi? Hakuna. Kati ya mafundi wetu wa mabati, Chanda alianza na kopo la maziwa. Rabson akaiga, akatia mkono wa kushikia. Jairos akaiga ya Rabson, akahamisha mshono. Kila mtu huchukua ya mwenzake, huibadilisha, wala haulizwi. Zinahitaji mashine! Hakuna aliyewahi kuwaza hivyo kandokando ya Ziwa Mweru lote. Nimeshindwa kula kwa furaha. Ngalula amekula fungu langu.

Jumanne, 11 Juni

Mashine imekamilika. Ni ubao uliolazwa juu ya gogo, kama mizani. Upande mmoja koroboi yenye mafuta, upande wa pili jiwe la uzito uleule. Mafuta yakivuja, koroboi inakuwa nyepesi, jiwe linashuka, linavuta kamba, na kamba inaangusha sufuria kuukuu juu ya bati. Kishindo! Nimeweka safu ya mbao kama hizo uani, kila ubao na koroboi yake. Mbao nimezitoa kitandani. Ngalula hajajua.

Nilikopa koroboi mpya kibandani kwa Jairos, fundi wa mabati, nikazijaza, nikaenda kunywa chai kwa sababu ndivyo mafundi walivyofanya. Niliporudi, sufuria zote zilikuwa chini.

Zote zinavuja! Nilicheza peke yangu pale uani. Mashine inafanya kazi!

Jioni furaha ilipungua. Inawezekanaje zote ziwe mbovu?

Jumatano, 12 Juni

Ngalula amejua kuhusu kitanda. Amejua kwa ghafla.

Leo ni kutafuta chanzo. Lubumbashi, kipimo kikikataa, swali la kwanza lilikuwa moja: nani aliyegusa mwisho? Jibu ni Jairos. Yeye ndiye aliyehamisha mshono. Nikaenda kibandani kwake, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameharibu koroboi ya watu wote. Nilitumia sauti ya kitaalamu.

Hakupokea vizuri. "Awe, hapana, Bashi Camille!" alisema, na nyundo mkononi. "Koroboi yangu iko muzuri. Mashine yako ndiyo mugonjwa." Akaongeza kwamba koroboi ya namna hiyohiyo inawaka nyumbani kwake tangu Pasaka na meza yake ni kavu. Nilimweleza kwamba meza si kipimo. Wateja walicheka, sijui walimcheka nani.

Nikarudia majaribio. Koroboi ileile ilikuwa nzima asubuhi, mbovu mchana, nzima tena baadaye. Nikairudia mpaka kichwa kikauma. Nakumbuka mafundi nao walikuwa wanarudia kipimo mpaka kikubali, kisha wanachukua koti na kwenda nyumbani. Nikafanya hivyo. Zilizokubali hata mara moja nimeziandika nzima.

Halafu sufuria ikaanguka kwenye ubao ambao haukuwa na koroboi wala jiwe. Ubao mtupu umeshindwa mtihani! Sielewi. Upepo wa ziwa? Jairos? Naelekea zaidi kwa Jairos.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemvizia. Nilijificha nyuma ya uchaga wa kukaushia samaki, nikasubiri Jairos aje kuchezea mashine yangu. Nilinuka samaki, nzi wakanifurahia, lakini sayansi ina gharama yake.

Jairos hakuja. Alikuja Mama Chileshe, jirani wa ukuta kwa ukuta, na mkaa ndani ya karai. Akaishika koroboi ya kwanza, akamimina mafuta kidogo juu ya mkaa wake, akairudisha taratibu, akasogea pembeni kuupuliza. Sufuria: kishindo! Akaja mwingine. Kishindo! Akaja wa tatu, ana mwendo ninaoufahamu. Ngalula!

Nikaruka kutoka mafichoni. Walishtuka kweli, lakini hawakushtuka kwa kukamatwa. Walishtuka kumwona mwanaume mzima akiruka kutoka kwenye samaki. Ngalula akanieleza polepole, kama anavyomweleza mgeni. Hapa mafuta ya kuwashia mbaula, jiko la mkaa, hayaombwi. Unaona koroboi ya jirani, unachukua tone, kesho naye atachukua kwako. Kuomba ni matusi, maana yake unamdhania jirani anaweza kukunyima. Mama Chileshe akauliza kwa upole kama kule kwetu Congo watu ni wachoyo. Ngalula alitamani ardhi immeze. Imembidi ampelekee sahani ya samaki kufuta aibu, na sahani hiyo ilikuwa chakula changu.

Basi Jairos hana kosa? Ngoja kwanza. Chini ya koroboi mbili za pembeni ubao umelowa, na huko hakuna mwanamke aliyefika. Kwa hiyo baadhi zinavuja na baadhi zimenyonywa na majirani. Zipi ni zipi? Nimezunguka uani mpaka kuku wakaanza kunifuata.

Niziingize ndani? Sufuria zitaangukia kitanda, au kilichobaki cha kitanda. Nikae kuzilinda? Halafu mashine itakuwa inafanya nini?

Ndipo wazo likaja, nikapiga kelele. Maji! Nizijaze maji! Nani atakuja kuchota maji kwenye koroboi, na Mweru lote liko pale mbele? Mimi ni mtu hatari.

Ijumaa, 14 Juni

Ushindi! Nimemwaga mafuta yote, nimejaza maji, nimerekebisha mawe. Nimekunywa chai. Kimya. Nimekunywa chai ya pili. Kimya kitamu! Mama Chileshe alikuja na karai lake, akanusa koroboi, akanitazama kwa huzuni, akarudi kwake.

Hakuna sufuria hata moja iliyoanguka. Hata zile mbili zilizolowesha ubao jana ni kavu kabisa. Zimepona! Zimepona zenyewe, bila kuguswa na fundi.

Nimekwaruza alama yangu kwa msumari chini ya kila moja. Jairos alipita, akaona safu nzima imekubali, akanipa mkono. Nimemsamehe, ingawa nadhani yeye ndiye alitaka kunisamehe mimi.

Ngalula alikuja kuiangalia mashine. Akauliza jambo moja tu: huko Kitwe watawasha maji? Nikamwomba asiingilie mambo ya kitaalamu. Lakini alitabasamu kidogo, na ule mfuko aliokuwa ameanza kunipakia ameutundika tena ukutani. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Sipendi kumwona amechoka kwa ajili yangu.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Lori lilikuwa tayari ufukoni. Wanawake walichukua kwa Jairos zile koroboi nilizotia alama, wakazijaza mafuta, wakazichomeka katikati ya vikapu kama kawaida yao. Mama Emilienne alinitambulisha kwa dereva. Alisema Monsieur Florent ndiye mukubwa wa mambo ya kupima. Kiti kilikuwepo. Nilikikalia. Kisha nikasimama ili nihutubie.

Nilikuwa nimefika Lubumbashi kwenye hotuba yangu nilipoona watu wananusa. Nikadhani ni lori. Mama Emilienne akapanda, akachomoa koroboi moja kikapuni, akaigeuza. Alama yangu ilikuwa pale chini, nzuri, na tone lilitoka pembeni yake likaangukia mguu wake. Akachomoa nyingine. Nayo hivyohivyo. Zile mbili hasa! Na nyingine tena ambayo sikuwahi kuitilia shaka.

"Weye mutu," aliniambia, polepole, "ulipopima, ulitiamo nini?"

Nikamwambia maji. Dereva akavua kofia.

"Maji! Miye nauzisha samaki, hapana petroli ya taa! Na miye nikatumaini mutu wa maji!"

Wakashusha vikapu vilivyolowa. Wanawake watatu wamebaki, lori limeondoka bila wao. Mmoja alikaa juu ya kikapu chake akilia bila sauti, anawanusa samaki mmojammoja. Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimsaidia kubeba kikapu mpaka ziwani tukawasuuze, lakini harufu haikutoka, naye akaniomba niende zangu.

Lakini bado sielewi! Maji ni mazito, hayakutoka. Mafuta ni mepesi, yametoka. Kama kitundu kipo, kwa nini kinachagua? Nimemuuliza kila mtu ufukoni. Wamenijibu kwamba mafuta ndivyo yalivyo, kama vile hilo ni jibu.

Kiti amepewa Jairos. Sababu aliyoitoa Mama Emilienne ni kwamba yeye, akikuta inavuja, walau ataiziba. Mtuhumiwa amefanywa hakimu!

Ngalula hakugomba. Ingekuwa afadhali. Alitungua mfuko ukutani, akakunja shati langu moja, akakunja la pili, akaniwekea muhogo wa njiani. Mwenze alikuwa amekwisha fika na mtumbwi. Ana meno mengi kuliko nilivyokumbuka.

Jumatano, 19 Juni. Puta.

Napasua samaki. Naamka, napasua samaki. Shemeji Mwenze si mtu mbaya, ila kila jioni husimulia mambo ya maji mbele ya wavuvi wake, na kila jioni wanacheka upya.

Hata hivyo kazi hii haihitaji kichwa, kwa hiyo kichwa changu kimepumzika na kimeona kila kitu. Sasa najua kosa lilikuwa wapi. Nilipima koroboi, lakini mashine yenyewe nilimpa nani aipime? Ilinyamaza, nami nikaamini. Mashine ikinyamaza, ni kwa sababu hakuna ubovu, au ni kwa sababu imelala? Utajuaje? Njia ni moja tu. Uipe kitu ambacho una hakika kinavuja. Ikipiga kelele, ni mashine ya kweli.

Mwenze hujivuna kwamba mtumbwi wake haujawahi kuingiza hata tone. Nani amepima? Hakuna! Basi tangu jana natengeneza kipimo cha mitumbwi. Kopo tupu linakaa chini ndani ya mtumbwi, maji yakiingia linapanda, linaachia kamba, na mawe yanamwagika ndani ya ndoo. Wavuvi wote wa Puta watakitaka. Ngalula atasikia habari huko Nchelenge, na atajua kwamba hakuolewa na mjinga.

Leo asubuhi mtumbwi ulikuwa umefungwa pembeni, na Mwenze na wavuvi wake wanakunywa uji. Nikatoboa kitundu kidogo chini, unene wa kidole cha mwisho, ili nipate kitu kinachovuja kwa hakika. Nikatega mashine yangu.

Imelia! Mara ya kwanza tu! Haikudanganya, haikusitasita, mawe yote ndani ya ndoo! Nimekaribia kulia. Maisha yangu yote sijawahi kuona kipimo kilichosema kweli namna hii. Nimekitoa haraka kisilowe, nikaja kukaa hapa kivulini niandike yote kabla sijasahau. Kitundu nitakiziba nikimaliza ukurasa huu.

Natamani kumwambia Mwenze sasa hivi, lakini naona amekwisha ingia ziwani na mtumbwi wake. Yule pale, karibu na matete. Ameniona! Ananipungia mkono. Nami nimempungia.

Sasa anapunga yote miwili, na anaita jina langu kwa nguvu zake zote. Sikujua kwamba shemeji yangu ananipenda hivi.