Kiboko Mwenye Sura ya Ukweni

Jumatatu, 5 Juni 1995. Bariadi.
Siku ya ishirini na tatu bila Martha. Yuko kwao Mwamanyili. Kosa langu moja tu: alinituma shambani kufukuza ndege, kweleakwelea, nikakaa kuwachora. Picha zilitoka safi. Mpunga haukubaki.

Mpango: katuni za kufundisha watu habari za wanyama, zibandikwe huko huko ukweni. Watu wacheke, wajifunze. Baba mkwe, Mzee Mahona, aone mimi ni mtu wa maana. Anirudishie mke.

Zamani kazi hii ilikuwa na heshima. Nilifundisha watu wazima kwenye ghala la ushirika. Siku moja nilichora mbuni ubaoni akikimbia, na Martha, benchi la mbele, alicheka hadi akaangusha daftari. Ndivyo tulivyooana. Sasa ushirika umekufa, pamba wananunua watu binafsi, ubao wangu umepasuliwa kuni.

Jumanne, 6 Juni.
Somo la kwanza: usimzibie kiboko njia ya kurudi majini. Lakini kiboko mtupu hachekeshi. Anataka sura ya mtu. Nimeorodhesha ukoo wa Martha kwa safu mbili: wa kutaniwa, wa kuheshimiwa. Wakwe hawaguswi. Babu yake, Mzee Nyanda, baba yake Mzee Mahona, mtani kamili! Tangu harusi ananiita mume mwenzake na kudai nimemwibia mke. Nimemchagua yeye.

Nimemchora kwa kumbukumbu, kama alivyokuwa harusini mwaka 1979, alipocheza ngoma mpaka alfajiri. Tumbo limetangulia, videvu viwili, mwanya mpana. Amesimama mbele ya uzio wa miiba, kofia mkononi: "Naomba kupita, nyumbani wananisubiri." Nimecheka peke yangu. Ilikuwa miaka mizuri ile.

Thomasi, mchora mabango ya maduka, amepita akasema ni gunia la pamba lenye masikio. Wivu.

Jumatano, 7 Juni.
Nakala thelathini, kwa mashine ya kurudufu ya parokia. Shemeji Januarius, kaka yake Martha, amezichukua kwenda kuzibandika. Alipoziona alicheka mpaka akakaa chini. Ameleta habari njema: Martha amefunga mizigo, anarudi Jumamosi. Nimefagia nyumba mara mbili.

Ijumaa, 9 Juni. Mwamanyili.
Nimekuja kumchukua. Foleni nzima ya mizani ya pamba inacheka! Kila mtu analijua somo. Kisha Mzee Mahona akaja na pamba yake. Foleni ikapasuka katikati. Mmoja akasema apishwe, nyumbani wanamsubiri.

Nikamtazama. Tumbo. Videvu. Mwanya. Miaka kumi na sita naongea na mkwe wangu nikitazama viatu vyake, kwa adabu. Sikujua amekuwa na sura hiyo.

Nikakimbilia kwa babu anitolee ushahidi. Amekwisha, mwembamba kama tete, kinywani hana jino. Akaiangalia picha kwa muda mrefu. Akafuta macho.

"Mume mwenzangu," akasema, "umechelewa. Huyu kiboko sasa anakaa kwa mwanangu."

Jumamosi, 10 Juni.
Kikao cha ukoo. Nimetozwa ng'ombe mmoja kwa kumvunjia mkwe heshima. Babu alisema aliyechorwa ni yeye. Hakuna aliyeamini. Mzee Mahona hakunijibu salamu. Mama mkwe amekasirika kuliko mumewe, ametuma watu waniambie hivyo.

Martha alifungua mizigo mbele yangu, kitenge kimoja kimoja.

"Baba Winnie," akasema taratibu, "mimi nilikuwa tayari."

Nimerudi Bariadi peke yangu.

Jumapili, 11 Juni.
Baada ya misa nimepitia kosa kwa utaratibu. Somo lilikuwa sahihi. Mchoro ulikuwa sahihi. Kosa ni mnyama: kiboko si mzuri wa sura. Ukweni wanahitaji mnyama wa kuwapoza, tena nianze na aliyekasirika zaidi. Nimeamua: mama mkwe, twiga. Mrefu, mpole, kope ndefu. Somo la pili: usikate migunga, ni chakula cha twiga.

Shingo imekwisha. Imebaki sura, na mama mkwe sijawahi kumtazama usoni hata mara moja, kila tukikutana naingia porini kumpisha. Safari hii sitakisia. Kesho asubuhi naenda Mwamanyili na penseli mbili, nijifiche kwenye kichaka karibu na kisima anakochota maji.