Chumvi ya Ivuna kwenye Pipa la Umeme

Jumatano, 9 Juni 1954

Njia nimeipata! Mama Roda, mama yake Fides, amesema atajibu posa yangu Jumapili hii, akishalamba chumvi ya Ivuna, ile aliyoila utotoni kwao Ndalambo. Ya dukani hataki hata kuiona. Watson wa ng'ambo ya mpaka, naye anamtaka Fides, amepewa sharti hilohilo. Watson hana mtu Ivuna. Mimi ndiko nilikozaliwa!

Udongo wa chumvi ninao, mjomba alinitumia gunia. Kuni za kuuchemshia ndizo sitaki. Mgongo wangu bado unazikumbuka. Bwana, mwenye shamba hili la kahawa, yuko Mbeya mpaka Jumamosi. Bafuni kwake kuna pipa jipya la umeme, na kumchemshia maji ya kuoga ndiyo kazi yangu. Nimechuja udongo kwa maji, nimefunua mfuniko, nimeyamimina maji hayo ya chumvi ndani. Mungu anisamehe.

Jioni. Maji yamepata moto wa kuogea, kisha tiki! Pipa limelala. Yamepoa kidogo, tiki! Limeamka. Likalala tena. Kuchemka, hata dalili. Sijapata kuona pipa vivu namna hii.

Alhamisi, 10 Juni

Nimemwendea Barnaba, fundi wa injini ya umeme, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka. Barnaba ukimwuliza saa, anakueleza saa inavyotengenezwa. Kasema ndani ya pipa mna kijiti cha kupima joto: nje shaba, ndani chuma cha aina nyingine. Joto likipanda shaba hurefuka, chuma hubaki vilevile, na tofauti hiyo ndiyo inayoachanisha nyaya. Maji yakipoa shaba hurudi, nyaya zikagusana. Nikauliza shaba inajuaje. Akasema haijui kitu, inajinyoosha tu kama mbwa juani. Akaanza kunieleza habari za mlinzi wa pili, lakini mimi nilikwishaondoka. Nilichotaka nimekipata.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekichomoa kijiti. Kimenirusha hadi mlangoni! Nimerudi, nikakizungushia kitambaa chenye maji baridi ya mtungini. Sasa kinadhani ni alfajiri ya Juni.

Maji yamechemka! Mvuke ukajaa bafu zima, na harufu ile, matope na chumvi, ikanikalisha chini. Nikamwona marehemu mama kwenye kibanda chetu, anakoroga chungu, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kinamwanga, povu analiengua kwa kata. Ukoko wa mwisho ulikuwa wangu. Nikishaulamba ananifukuza nikaokote kuni. Siku zile nilizichukia. Leo ningetoa chochote anifukuze tena mara moja tu. Nimelia, wala sioni haya kuandika.

Katikati ya machozi, tiki! Kimya. Nimebadilisha kitambaa, kimya. Nimelipiga pipa teke, kimya.

Barnaba amenieleza tena, na safari hii nimesikiliza. Mlinzi wa pili ni tone la risasi ya kulehemu lililounganisha nyaya mbili, na springi inayozivuta. Joto likizidi mno, risasi huyeyuka, springi huzitenganisha, na umeme haurudi mpaka fundi aje. Imewekwa hivyo pipa lisije likakauka na kuunguza nyumba. Akauliza mbona nauliza. Nikasema napenda elimu.

Jumamosi, 12 Juni

Msumari! Nimeuweka pale palipokuwa na risasi. Msumari hauyeyuki! Maji yamekauka, na chumvi nimeiona kwa macho yangu. Kisha paa! Harufu mbaya, injini ikakohoa, Barnaba akatukana kwa Kinyiha. Chuma cha kuchemshia kimepasuka vipande viwili. Chumvi nimeikwangua, konzi moja. Ina ukijani kidogo.

Bwana amefika na vumbi la njia nzima mwilini. Ameoga maji ya baridi. Kuanzia Jumatatu niko kwenye palizi.

Jumapili, 13 Juni

Mama Roda amelamba. Ametema, akatema tena. Amesema hii si ya Ivuna, ni kama amelamba kitasa cha mlango. Ya kwao ilikuwa na moshi ndani yake. Watson alileta ya dukani iliyochanganywa na majivu. Huyo alirudishwa kabla chumvi yake haijalambwa.

Kwangu amelainika. Amesema mwanangu Enoka, shuka Ivuna, upike kwa kuni, kwa vyungu vya mama yako. Atanisubiri mpaka kahawa iishe kuchumwa. Fides amenisindikiza hadi barabarani, akasema naye anatamani kuviona vyungu hivyo. Moyo wangu ulifika Ivuna palepale.

Jumatatu, 14 Juni

Miguu haijaenda. Ivuna ni mbali, na kuni za kule zina miiba. Nimepalilia kutwa nzima.

Lakini nimemwuliza Barnaba kuhusu pasi mpya ya umeme ya memsahibu, mke wa Bwana. Haina kijiti, haina risasi. Ukiisahau inatoboa meza. Haijui kulala kabisa! Nimempelekea Fides salamu kwamba hakuna haja ya kusubiri kahawa, Jumapili hii tu. Pasi ukiigeuza chini juu, sufuria inakaa vizuri. Na moshi, nadhani, utapatikana.