Mkate Mgumu wa Meli ya Pili

Kapteni aliingia duka la vyombo vya umeme kwa sababu moja tu: nje jua lilikuwa kali na ndani kulikuwa na kiyoyozi. Hakuwa na nia ya kununua kitu, na mfuko wake ulimuunga mkono. Alijibanza nyuma ya mashine za kufulia, akajifanya anasoma vibandiko, na hapo ndipo alipowaona mwenye bekari na mkewe wakiingia.

"Tunatazama tu," mwenye bekari alitangaza mlangoni. "Friji tunayo."

Muuzaji hakubisha. Aliwapeleka mpaka kwenye friji mbili zilizosimama bega kwa bega, akauliza kwa upole, "Mama, hii yenye droo kubwa ya mboga, au hii isiyopiga kelele?"

Mama alifungua ya kwanza, akafungua ya pili. Mumewe alipima droo kwa viganja. Walibishana kuhusu droo, wakabishana kuhusu kelele, wakaitana majina ambayo watu waliooana miaka mingi wana kibali cha kuitana, na kabla Kapteni hajapoa vizuri, friji ilikuwa inapakiwa garini. Ile iliyoko nyumbani haikutajwa tena.

"Na safari yangu ya meli usiisahau," mama alisema akipanda mbele. "Umeniahidi tangu kifungua mimba."

"Nitafutie meli ya maana, twende ukoo mzima. Nani amekukataza?"

Kapteni alibaki ameganda pale kwenye mashine za kufulia kama mtu aliyeoteshwa. Mtu ukimwonyesha kitu kimoja atakuuliza kama kipo. Ukimwonyesha viwili, atauliza kipi kizuri zaidi, na lile swali la kwanza halitamjia kamwe.

Ieleweke kwamba Kapteni hakuwahi kuongoza chombo chochote. Jina hilo alipewa baada ya kutapika kwenye kivuko, safari ambayo wenzake waliimaliza wamesimama wakitafuna karanga. Kazi yake ilikuwa mdomo. Alikuwa ameshauza viwanja vya watu, vyeti vya urubani, na kisima kimoja ambacho hakikuwepo ila alikieleza vizuri mno. Jioni hiyo alikwenda kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa mpokea wageni wa hoteli mpaka hoteli ilipofungwa, akamkuta anapiga pasi.

"Meli mbili za kifahari," Kapteni alisema. "Moja yangu, moja yako."

"Tuna meli?"

"Hatuna."

"Nilidhani nimepitwa."

"Ndiyo uzuri wake, dada. Hazili mafuta. Tunafungua ofisi mbili jirani, tunajifanya hatupatani. Watu wanapanda, wanashuka, wanalinganisha. Anayelinganisha hana nafasi ya kushuku. Mwisho wa mwezi tunabeba kianzio chao, tunakula kona."

Dada aligeuza kola ya shati, akaipiga pasi upande wa pili. Kazi alikuwa hana, na Kapteni alilijua hilo.

"Mlango wangu nitaandika nitakacho," alisema hatimaye. "Na wateja wangu nitaongea nao nitakavyo. Usije ukanifundisha."

"Lini nimewahi kukufundisha?"

"Tangu umeota meno."

Walikodi chumba ghorofani, juu ya daktari wa meno, wakakigawa kwa mbao nyembamba. Kila upande ulikuwa na mlango wake, meza yake na kalenda yake yenye picha ya bahari. Kapteni aliandika mlangoni kwake: FAHARI, MELI KUBWA KULIKO RAHA YENYEWE. Dada aliandika: UTULIVU, SAFARI ZA MELI. Basi.

"Hata jina la meli hujaweka," Kapteni alimcheka.

"Utulivu ni jina la ofisi."

"Huna ubunifu, dada. Mama alikosea."

Hapo aligusa kidonda chake mwenyewe. Marehemu mama yao alikuwa na tabia ya kuwaambia wageni, watoto wote wawili wakiwa wamekaa hapo hapo, kwamba akili ilikwenda kwa binti, na kijana alipewa sauti. Kapteni alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, lakini maneno hayo yalikuwa bado yanamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Fedha alizitaka, ndiyo. Ila zaidi alitaka dada yake akiri, hata mara moja tu, kwamba kuna kitu amezidiwa.

Fedha zote ziliingia sanduku la chuma chini ya meza ya dada, na ufunguo alikaa nao dada, kwa sababu hata Kapteni hakumwamini Kapteni.

Wateja walikuja kama alivyotabiri. Daktari wa meno alipanda ngazi siku ya kwanza, na koti lake jeupe mwilini. Mke wa fundi magari alikuja na mashoga zake. Walisikiliza huku, wakavuka kule, wakarudi huku. Hakuna aliyeuliza meli ziko bandari gani. Waliuliza ipi ina mto laini zaidi.

Kapteni alimwaga sera. Fahari ilikuwa na bwawa la kuogelea. Aliposikia kupitia mbao kwamba ya dada nayo ina bwawa, akaongeza la pili, na baada ya chakula cha mchana, la tatu. Iliongezwa sinema, bustani ya waridi, na mhudumu binafsi kwa kila abiria, pamoja na mhudumu wa yule mhudumu. Wateja walisikiliza macho yamewatoka, wakamshukuru sana, kisha wengi wao wakaenda kulipa mlango wa pili.

Ugomvi wa kuigiza ukaanza kuwa na ladha.

"Unaniibia wateja!" Kapteni alifoka ukumbini, mbele ya watu, kama walivyopanga.

"Wanajipeleka wenyewe kwa miguu yao!"

"Tangu utotoni hivyo hivyo! Nani alivunja redio nikachapwa mimi?"

Hilo hawakulipanga.

Alianza kutega sikio kwenye mbao. Alichosikia kilimshangaza. Dada yake hakusifia kitu. Wateja wasipokuwepo alikaa na simu akisoma, anacheka peke yake, na Kapteni akadhani ni umbea. Wateja wakija, alikuwa anaiponda meli yake mwenyewe.

"Huyu ataniharibia mji," Kapteni aliwaza. Na bado sanduku lilijaa kutoka upande wa dada.

Ndipo mwenye bekari na mkewe walipotuma salamu kwamba watakuja Jumatatu: wao, watoto, wakwe, na mama mkwe ambaye lazima apate chumba chake mbali na cha kila mtu. Kapteni alivuka kwa dada yake, akafunga mlango.

"Tuweke dau," alisema. "Atakayempata mwenye bekari anachukua sanduku zima."

Dada aliweka simu chini. "Una hakika? Usije ukalia kwangu."

"Unaogopa?"

"Haya. Mimi nimekuonya."

Jumatatu mwenye bekari alianza kwa Kapteni, ambaye alikuwa ameazima tai.

"Vinywaji vimo kwenye nauli?" mama aliuliza.

"Vyote, mama. Hata ambavyo havijabuniwa."

"Na roshani?"

"Kila chumba kina mbili. Moja ya kutazama jua likichomoza, moja ya kulitazama likizama."

"Na meli ikigeuka?"

Kapteni alinyoosha tai. "Mnabadilishana."

"Mikate je?" mwenye bekari aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Mzee wangu, mkate wa Fahari ni laini kama shavu la mtoto. Hujawahi kuonja mkate kama ule maishani mwako."

Mwenye bekari, aliyekuwa amekula mkate wake mwenyewe kila siku tangu akiwa kijana na kuona hauna mpinzani, alikaza midomo. Wakashukuru, wakavuka. Kapteni akabandika sikio.

"Karibuni," dada alisema. "Nisiwapotezee muda. Vinywaji vimo kwenye nauli, isipokuwa vile vizuri. Hivyo unalipia. Roshani ipo, ila ombeni upande usiopata moshi. Dobi ni bure, soksi zinapotea. Wahudumu ni wengi na bakshishi imeshahesabiwa ndani, kwa hiyo msitoe mara mbili. Intaneti inakera. Matembezi ya nchi kavu wanayopanga wao ni ghali bure. Shukeni wenyewe mtembee. Chumba cha mama mkwe kipo, mbali kabisa, lakini juu yake kuna ukumbi wa ngoma."

"Hilo halina neno," mwenye bekari alisema haraka.

"Na mkate," dada alishusha pumzi, "ni mgumu."

Kapteni aliuma kidole kwa furaha. Amejimaliza!

"Mgumu kiasi gani?" mwenye bekari aliuliza.

"Mzee, nitasema nini? Abiria mmoja anasema aliutumia kuzuia mlango wa roshani usijifunge. Ulikaa safari nzima."

"Wanaununua, au wanaoka?"

"Wanaoka wenyewe. Wana mwokaji kabisa, ana kofia."

"Ana kofia," mwenye bekari alirudia taratibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza anaelewa likizo ni kitu gani. "Mke wangu, tunapanda hii."

"Hujauliza bwawa!"

"Bwawa la nini? Nitakuwa mezani."

Walilipa palepale. Kapteni alijitoa kwenye mbao, sikio limekuwa jekundu na moyo vilevile.

Hata hivyo hakukata tamaa. Damu ni damu, dada angemmegea. Mwisho wa mwezi ulipofika alipanda ngazi asubuhi mapema, begi mkononi, viatu vya kukimbilia miguuni. Alimkuta dada amekaa mezani, anapanga bahasha.

"Mbona hujafunga mizigo?" alinong'ona. "Twende, kabla hawajaanza kuulizia meli."

"Meli inaondoka kesho saa nne."

"Meli gani?"

"Meli."

Kapteni aliketi juu ya begi lake.

"Niliwaandikia wenye meli ile wiki tuliyofungua," dada alieleza, akiendelea na bahasha. "Hawakuwa na wakala mji huu. Nikawaambia nilikuwa mapokezi hotelini, wakaniuliza kama naweza kuwavumilia wateja. Wananilipa kwa kila kichwa. Yale mabaya yote nimeyasoma kwa abiria wenyewe, wanaandika malalamiko mpaka mtu unaona raha."

"Daktari wa meno je? Yule alilipia Fahari!"

"Nimemhamishia huku, na wengine wako wote. Fedha zao zilikuwa sandukuni. Nimewaambia bwawa ni moja na maji yake baridi. Wamefurahi sana, wanasema yale matatu yalikuwa yanawatia wasiwasi."

"Kwa hiyo hakuna anayenitafuta?"

"Wa nini?"

Hilo lilimuuma kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa ameondoka miji akiwa na watu nyuma yake wanamtaja. Sasa alikuwa na begi, na viatu, na hakuna hata mtu mmoja wa kumkimbia.

"Umenitapeli, dada."

"Dau uliliweka mwenyewe."

"Ulinificha kwamba meli ipo!"

"Hukuuliza," dada alisema. "Ulikuwa unalinganisha."

Kesho yake Kapteni alikwenda bandarini kuhakikisha. Ilikuwepo, nyeupe, kubwa kama mtaa. Mwenye bekari alikuwa wa kwanza kwenye ngazi, mama mkwe wa mwisho. Daktari wa meno alimpungia mkono kwa upendo wa kweli. Kapteni alimpungia pia, akajisikia kichefuchefu, ingawa alikuwa amesimama kwenye zege.

Hakuwa na pa kwenda, na nauli ya kwenda huko hakuwa nayo. Dada alimwajiri kujaza fomu za pasi za kusafiria za wateja, kwa mshahara ambao si lazima tuutaje. Aliambiwa ang'oe kibao cha Fahari mlangoni. Akasema kesho, na kesho yake akasema kesho.

Ndiyo maana mwenye bekari, aliporudi ameungua pua na jua, alisukuma mlango ule. Alifungua leso, akatoa mkate mdogo wa kahawia, akaugonga mezani. Ulilia ko, ko.

"Sikia hiyo!" alisema, machozi ya furaha yakimlenga. "Nilimwita yule mwenye kofia mbele ya watu wote. Nikamuuliza, kijana, huu umeukanda au umeuchonga? Sijawahi kufurahi hivyo, Kapteni. Mwaka ujao nataka kujaribu ya kwako. Lakini uliniambia mkate wenu ni laini, na hapo ndipo ninaposita."

Kapteni alitazama mkate. Alitazama mbao. Kitu kikafunguka kichwani mwake, kama mlango wa friji.

"Mzee wangu," alisema, akiinamisha uso, "nilikuficha kwa aibu. Wa kwetu ni mgumu zaidi. Na mwokaji wetu ana kofia mbili."

Mwenye bekari alitoa pochi.

"Nakuja kupokea malipo mwenyewe, baba!" sauti ya dada ilisema kupitia mbao. "Huyo ni karani wangu. Na wewe, mdogo wangu, leta bisibisi, hicho kibao naking'oa sasa hivi."